Picha za vita ya Adwa: kwa nini askari wa Kitaliano amechorwa na jicho moja?

BurashiNyembamba

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu. Mwenye haraka aupitie siku akitulia.

Mimi ni mchoraji hapa Dar es Salaam. Nina miaka kumi na tisa kwenye rangi, na ugali wangu unatokana na Tingatinga. Mwaka jana nilipata nafasi ya kwenda Addis Ababa kwenye maonyesho ya wiki moja. Siku ya pili nikaingia kwenye duka la vitu vya kale. Ukutani palikuwa na kitambaa kimetandazwa, kikubwa kama mlango uliolazwa, kimejaa watu mpaka kwenye pindo. Watu wamebanana, bunduki zimebanana, farasi, mizinga, moshi, ngao. Juu kabisa, mawinguni, kuna mtu juu ya farasi mweupe ameshika mkuki. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniletea kigoda bila kuniuliza kitu.

Ilikuwa vita ya Adwa. Kabla sijamwona mfalme, kabla sijaiona damu, niliona macho. Jeshi la kushoto, kila mtu ana macho mawili na anakutazama wewe unayetazama picha. Jeshi la kulia wamechorwa kwa ubavu, pua mbele, jicho moja tu. Safu nzima ya Waitaliano, wamevaa kofia na sare, mamia, jicho moja kila mmoja. Mpaka waliokufa chini ya kwato za farasi wana jicho moja.

Nikamuuliza mwenye duka. Akanijibu kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza: "Hao ni adui."

Kwa wasioifahamu vita yenyewe, nitapita haraka. Mwaka 1889 Italia na Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, walitia saini mkataba pale Wuchale. Ibara ya 17, kwa Kiamhari, ilisema Menelik *anaweza* kuwatumia Waitaliano kuzungumza na mataifa ya Ulaya. Kwa Kiitaliano ilisema *ni lazima* awatumie. Kwa neno hilo moja Italia ikaitangazia dunia kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik akaukataa mkataba, na mwisho wake ukawa Adwa, tarehe 1 Machi 1896. Jenerali Baratieri alikuwa na askari wapatao 17,700, na maelfu kati yao hawakuwa Waitaliano bali askari kutoka Eritrea, koloni lao. Menelik alikuwa na watu karibu laki moja. Kufika jioni jeshi la Italia lilikuwa limesambaratika. Majenerali wawili, Arimondi na Dabormida, walikuwa wamekufa, na wa tatu, Albertone, alikuwa mateka.

Hayo yako kwenye vitabu. Mimi nataka tuzungumze rangi na mistari, kwa sababu tangu nirudi sijaacha kuifikiria picha ile.

---

Mvuvi wa Kigoma

Mkuu shusha nondo, naweka kambi hapa. Swali la haraka: hizo picha zilichorwa wakati wa vita yenyewe au baadaye?

---

kiti_cha_mbele

Nipo London. Jumba la Makumbusho la Uingereza lina picha moja ya Adwa kama hiyo unayoieleza, ya karne ya 20. Nimepita mbele yake mara nyingi na sikuwahi kuhesabu macho. Jumamosi narudi.

---

BurashiNyembamba

@Mvuvi wa Kigoma, nyingi zilichorwa baadaye, karne ya 20, na nyingine zinachorwa mpaka leo. Mchoraji mmoja anaweza kuichora Adwa mara hamsini na kuwauzia wageni. Hilo halinisumbui, maana hata sisi hapa tunarudia chui yule yule na mbuyu ule ule, na kuna siku kwenye kurudia huko mkono unagundua kitu kipya. Mpangilio ndio hasa umetoka mbali.

Shina lake ni kanisani. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ethiopia wamepaka picha kwenye kitambaa cha pamba, kile ambacho wazee wetu wangekiita merikani, kisha kitambaa kinagundishwa ukutani. Huko kanisani kuna kanuni: watakatifu na watu wema huchorwa uso mzima, macho mawili makubwa. Waovu huchorwa kwa ubavu. Yuda kwenye Karamu ya Mwisho unamkuta ana jicho moja. Shetani na askari wanaomtesa Kristo wamo kundi hilo hilo. Kwa hiyo Mtaliano alipofika, mchoraji hakuwa na haja ya kubuni tusi jipya. Alikuwa na mahali tayari pa kumweka.

Na mpangilio wa Adwa karibu wote ni mmoja. Katikati ni kama kuna ukuta usioonekana. Majeshi yanatazamana, mizinga inatazamana mdomo kwa mdomo (Wahabeshi nao walikuwa na mizinga, tena ya kisasa, watu husahau). Menelik yuko nyuma ya jeshi lake, ana taji, amefunikwa na mwavuli wa kifalme. Malkia Taytu yuko juu ya farasi, mara nyingi ana bastola mkononi. Makasisi wana misalaba na miavuli yao. Kandokando ya vichwa vya wakubwa kuna maandishi ya Kiamhari yanayomtaja huyu na yule.

Aliye juu ya farasi mweupe ni Mtakatifu Giyorgis. Vita ilipiganwa siku yake, tarehe 23 ya mwezi wa Yekatit kwa kalenda yao, na tabot (nakala takatifu ya Sanduku la Agano) ya kanisa lake ilipelekwa vitani pamoja na jeshi. Kwa hiyo mchoraji anapomweka mawinguni, na utepe wa kijani, njano na nyekundu ukimzunguka, kwake hilo si pambo. Anaandika kilichotokea kama anavyoamini kilitokea.

Ngoja niseme kuhusu Taytu, maana ananigusa. Miezi michache kabla, Waitaliano walijifungia kwenye ngome pale Mekele chini ya Meja Galliano. Kuivamia ngome kuligharimu watu wengi. Taytu ndiye aliyetoa wazo la kukamata chemchemi waliyokuwa wanachota maji, na kiu ikafanya kilichoshindikana kwa risasi. Wakatoka. Siku ya Adwa alikuwa na kikosi chake mwenyewe, na wanawake walikuwa wanapeleka maji kwa wapiganaji na majeruhi. Picha nzuri za Adwa zina wanawake na vyombo vyao vya maji. Picha za haraka za kuuza huwaacha. Siku hizi nikitaka kupima picha ya Adwa, natafuta mtungi kwanza.

---

Kaptula Khaki

Mkuu nakuheshimu lakini hapa tuseme ukweli. Kumchora binadamu jicho moja ili aonekane shetani ni propaganda. Wale Waitaliano wengi walikuwa watoto wa wakulima waliopakiwa melini kwenda nchi wasiyoijua. Tungewashangilia Wazungu kama wangetuchora sisi hivyo?

---

Binti Mkunazi

@Kaptula Khaki wametuchora vibaya zaidi ya hivyo kaka, na hawakuwa na Yuda wa kusingizia.

Ila swali lako ni la haki. Na mimi nasubiri jibu.

---

BurashiNyembamba

@Kaptula Khaki, sikatai kwamba ni picha ya upande mmoja. Mshindi kachora. Lakini itazame vizuri. Mtaliano kwenye picha hizi hakimbii tangu mwanzo. Amesimama kwenye mstari ulionyooka, bunduki begani, anapiga. Anaua. Upande wa macho mawili kuna maiti na kuna damu, na Fitawrari Gebeyehu, kamanda aliyefia Adwa, anakumbukwa na kila mtu pale. Mchoraji hakumfanya adui kuwa dhaifu wala mjinga. Kamnyima kitu kimoja tu, kutazamana na wewe.

Kama kazi ya mikono, kuchora safu ya nyuso za ubavu ni kazi ya haraka: pua, ndevu, jicho, kofia, unahamia mwingine. Uso mzima unakuchukua muda, unatakiwa kuamua mtu huyu anafikiria nini. Kwa hiyo kwenye kitambaa kimoja kuna upande ambao mchoraji alikaa nao na upande ambao aliupitia. Unaweza kuuona muda wake.

Na kwa kuwa tunazungumza michoro, kuna mchoro mmoja wa siku ile ambao haupo kwenye duka lolote. Baratieri aliwagawia majenerali wake mchoro wa ramani. Usiku wa tarehe 29 Februari walitembea kwenye milima kwa kutumia mchoro huo. Kilima alichopaswa kukishika Albertone kiliandikwa Kidane Meret, lakini jina liliwekwa kwenye kilima kisicho chake. Albertone alifika, wenyeji waliomwongoza wakamwambia Kidane Meret yenyewe iko mbele zaidi, naye akaenda. Alfajiri akajikuta yuko peke yake, kilomita kadhaa mbali na wenzake, mbele ya jeshi la Menelik. Jina moja mahali pasipo pake. Kila ninapoandika jina chini ya mchoro siku hizi nalikumbuka hilo.

---

Njia ya Termini

Salaam kutoka Roma. Nimezaliwa Tanga, huku nina miaka kumi na nne, nafanya kazi ya kupamba na kukarabati nyumba, kwa hiyo kwenye majumba ya picha naingia kama wengine wanavyoingia mpirani. Naomba nilete upande wa pili, maana Waitaliano nao walijichora.

Hapa Roma, kwenye jumba la taifa la sanaa ya kisasa, kuna turubai kubwa sana la Michele Cammarano, mtu wa Napoli, linaitwa Vita ya Dogali. Dogali ilikuwa kabla ya Adwa, tarehe 26 Januari 1887, karibu na Massawa, pwani ya Eritrea. Ras Alula, kamanda wa Ethiopia, alikizingira kikosi cha Luteni Kanali De Cristoforis chenye watu wapatao 500 na karibu wote wakauawa. Italia nzima ililia. Uwanja ulio mbele ya stesheni ya Termini, ninaoupita kila asubuhi, unaitwa Piazza dei Cinquecento, Uwanja wa Mia Tano, ni wao. Wakasimamishiwa na nguzo ya kale ya Kimisri, ya Ramses wa Pili, iliyokuwa imefukuliwa hapa Roma miaka michache kabla.

Serikali ikamwagiza Cammarano aichore vita hiyo. Hakuridhika kukaa chumbani. Akaenda Massawa, akakaa miaka, akachora ardhi, mwanga, watu. Tarehe iliyopo kwenye picha hiyo ni 1896. Mnaona? Alipomaliza kuchora msiba wa mia tano, msiba wa maelfu ulikuwa umeshatokea. Na picha kubwa kama ile ya Adwa, iliyochorwa na mchoraji mkubwa wa Kitaliano, sijaiona kwenye jumba lolote nililoingia. Dogali waliweza kuichora kwa sababu karibu wote walikufa, na watu wakifa wote, kila mmoja anaweza kuitwa shujaa. Adwa ilikuwa na walionusurika, mateka, na serikali iliyoanguka. Waziri Mkuu Crispi alijiuzulu ndani ya siku chache.

Lakini naomba niwape mwingine, Giovanni Fattori wa Livorno. Huyu ndiye ninayemheshimu. Mwaka 1859 kulitangazwa shindano huko Firenze la kuchora vita za kuiunganisha Italia. Wengine wangechora jemadari juu ya farasi na upanga hewani. Fattori akachora kambi ya Waitaliano *baada* ya vita ya Magenta. Kazi imekwisha. Katikati kuna mkokoteni wa majeruhi na masista wanawahudumia, askari wamesimama pembeni. Ipo Firenze, Palazzo Pitti. Na ukweli wenyewe ni kwamba Magenta walipigana zaidi Wafaransa, washirika wao, na Wapiemonte, yaani Waitaliano wenyewe, walichelewa kufika, kwa hiyo alichochagua kuchora kilikuwa na heshima kwa ukweli.

Hapo hapo Pitti kuna yake nyingine ya mwaka 1880, Lo staffato. Askari ameanguka, mguu umenasa kwenye kikuku cha tandiko, farasi anakimbia anamburuta, na nyuma yake mchirizi wa damu kwenye barabara nyeupe. Hakuna adui, hakuna bendera, hakuna mtu wa kumwokoa. Mara ya kwanza nilikaa kwenye benchi la pale muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa.

Uso wa yule askari huuoni vizuri. Fattori aliwachora askari wake wengi hivyo, migongo, vichwa vimeinama, watu wadogo kwenye uwanja mpana. Sasa nimesoma maneno yako kuhusu macho na nimeanza kujiuliza kwa nini picha hizo mbili, ya Addis na ya Firenze, zinakutana kwenye jambo moja: askari wa Kitaliano hakutazami.

---

BurashiNyembamba

@Njia ya Termini kaka, nimeisoma mara tatu. Nimeitafuta hiyo Lo staffato kwenye simu. Usiku huu sijui kama nitalala.

Nadhani ni vitu viwili tofauti. Kule Addis mchoraji anamzuia Mtaliano asikutazame kwa sababu hamkubali. Fattori anamwachia askari wake uso wake kwa sababu anamwonea huruma, kama unavyogeuka pembeni mtu akilia. Mkono wa kwanza unahukumu, wa pili unafunika. Lakini ukiniuliza nani kamwelewa askari wa kawaida, yule mtoto wa mkulima wa @Kaptula Khaki, nitasema Fattori, bila kusita.

Kwa Cammarano sijakaa mbele ya picha yenyewe, kwa hiyo naongea kwa tahadhari. Nampa heshima ya kwenda na kukaa. Jua la Massawa huwezi kulichora ukiwa Napoli. Ila kama aliyeagiza kazi ni serikali iliyotaka kwenda tena vitani, brashi inajua nani analipa. Nimechora kwa kuagizwa, najua uzito huo kwenye kiganja.

---

Njia ya Termini

Kweli kabisa. Na Waitaliano wengi vita yao hawakuiona kwenye majumba, waliiona kwenye gazeti. La Domenica del Corriere lilianza 1899, na kwa miongo mingi jalada lake la rangi lilichorwa na Achille Beltrame. Vita ya kwanza ya dunia yote, milima ya Alpi, theluji, mto Isonzo, watu waliijua kwa mkono wake. Naye alikuwa anachora Milano, kwa kusoma habari na kutazama picha za kamera. Mwaka 1916 alimchora Enrico Toti, mtu wa mguu mmoja aliyeuawa mwezi Agosti kwenye vita ya sita ya Isonzo, anamrushia adui mkongojo wake. Mpaka leo Mtaliano ukimtajia Toti anachokiona kichwani ni mkongojo uliochorwa na mtu ambaye hakuwepo.

Kwa Beltrame askari wa Kitaliano ana uso, ana macho mawili, na anang'aa. Adui ndiye anayegeuzwa kuwa kivuli. Kanuni ile ile ya kanisa la Ethiopia, ila imevaa nguo za gazeti.

---

Wa Nyandarua

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni Mkenya, nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nimelazimika kuandika.

Guka wangu, baba yake mama, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Mwaka 1941 walipanda kutoka Kenya, wakapita Somalia, wakaingia Ethiopia kupigana na Waitaliano. Addis Ababa ilichukuliwa tarehe 6 Aprili, lakini vita haikuishia hapo, iliendelea mpaka Gondar mwezi Novemba. Alikuwa akisimulia mvua, matope na milima isiyokwisha. Alisema kwamba ng'ambo ya pili, nyuma ya mawe, waliokuwa wanampiga risasi hawakuwa Waitaliano peke yao. Walikuwa vijana weusi kama yeye. Nao wakiitwa askari, neno lile lile. Hilo ndilo lililomkaa moyoni, hata uzeeni alilirudia.

Na sisi tuna kumbukumbu za Waitaliano hapa. Ukishuka barabara ya zamani kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, kuna kakanisa kadogo kando ya barabara, kalijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliano waliokuwa wanachonga barabara hiyo. Kule Nyeri kuna kanisa la kumbukumbu ambako amezikwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia huku Afrika Mashariki. Alisalimu amri Amba Alagi mwezi Mei 1941, akafia Nairobi akiwa mateka mwaka 1942. Hapo kuna majina ya askari wa Kitaliano ukutani, na ndani mle yumo pia askari wao wa Kiafrika.

Guka hana picha hata moja ya vita. Hakuna aliyemchora. Nauliza tu, kwenye hizo picha za Adwa, hao askari weusi wa upande wa Italia wanachorwaje?

---

BurashiNyembamba

@Wa Nyandarua, ahsante kwa kufungua kinywa. Mungu amrehemu mzee.

Swali lako ndilo lililonifanya niandike uzi huu, ila nilikuwa nalizunguka.

Siku ile dukani niliporudi mara ya pili nilikwenda kuwatafuta hao. Brigedi ya Albertone, ile iliyopotezwa na mchoro wa ramani, karibu yote ilikuwa askari wa Eritrea. Ndio waliopigwa wa kwanza. Kwenye kitambaa kile niliwapata wachache, kona ya kulia, tarbushi nyekundu, ngozi ya kahawia kama ya watu wa kushoto. Jicho moja. Kwenye picha nyingine mbili nilizoziona wiki ile hawakuwemo kabisa: upande wa kulia wote weupe, kama vile Italia ilikuja yenyewe.

Na baada ya vita, mateka wa Kitaliano walipelekwa Addis Ababa, wakatunzwa, wengi walirudi kwao baada ya mkataba wa Oktoba 1896 ambao Italia iliutambua uhuru kamili wa Ethiopia. Askari wa Eritrea waliotekwa walihesabiwa kuwa wasaliti. Karibu 800 walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto.

Hilo sijaliona kwenye picha yoyote. Ninaipenda Adwa. Nilipokuwa mdogo mwalimu wetu alitufundisha jina la Menelik kwa sauti ambayo hakuitumia kwa mfalme mwingine yeyote, na nilivyoona kitambaa kile machozi yalinilenga. Ushindi ule ulikuwa wetu sote, na bado ni wetu. Lakini mchoraji aliyeacha kona ile tupu alijua anaacha nini. Waitaliano nao hawakuwalilia, maana kwenye nguzo ya mia tano na kwenye majalada ya gazeti anayelilia nchi ni Mtaliano. Kushoto wameitwa wasaliti, kulia wameitwa wa kukodi. Guka wako na yule aliyekuwa nyuma ya jiwe hawana kitambaa.

---

Kaptula Khaki

Mkuu, nilikuja kubishana na nimekaa chini. Nina swali moja la ufundi tu. Wewe ungemweka wapi?

---

kiti_cha_mbele

Nimerudi kutoka makumbusho. Nilikaa saa nzima. Mtungi sikuuona, labda macho yangu. Kuna mtoto wa shule alisimama karibu yangu akamuuliza mwalimu wake kwa nini wale wa kulia wanatazama pembeni. Mwalimu akamwambia wanawatazama wale wa kushoto. Mtoto akasema, "Lakini wale wa kushoto wanatutazama sisi."

---

BurashiNyembamba

@kiti_cha_mbele mtoto huyo apewe brashi mapema.

@Kaptula Khaki, nimeanza. Wiki ya tatu sasa. Nilinunua merikani, nikaipaka gundi na chokaa mara mbili, nikaipiga msasa. Sitaki rangi za mng'aro tunazotumia kwa Tingatinga, nataka ifie kidogo kama ukuta wa kanisa. Menelik na mwavuli wake wapo. Taytu yupo, na wanawake wanne na mitungi, hao niliwachora kwanza kabla ya mtu yeyote. Waitaliano nimewachora kwa ubavu kama wazee wa kazi walivyofanya. Sitaivunja kanuni yao kwenye nyumba yao. Ila mmoja, chini kabisa, nimemlaza na mgongo wake kwetu, hana uso, huyo nimemwazima kwa Fattori.

Askari wa Eritrea amenishinda siku nane. Nilimweka kulia na macho mawili, picha nzima ikapasuka, jicho la mtazamaji likawa linakwenda kwake tu na Adwa yenyewe ikapotea. Nikamfuta. Nikamweka kushoto, ikawa uongo. Nikamfuta. Juzi nimemweka katikati, kwenye ule ukuta usioonekana nilioueleza mwanzo, chini, amepiga goti. Tarbushi imeanguka pembeni. Uso mzima. Mikono yote miwili ipo, imeshika ardhi.

Bado sijampa macho. Nimeacha matundu mawili meupe ya kitambaa. Mbele ya kila mteja anayeingia nageuza picha ukutani. @Wa Nyandarua, kama kuna mtu kwenu anayekumbuka guka alivyokuwa akitazama watu alipokuwa anasimulia, niandikie. Hata mistari miwili.

---

Wa Nyandarua

Nimemuuliza mama usiku huu. Anasema alikuwa hakutazami wewe. Alikuwa anatazama juu kidogo ya bega lako, kama mtu anayemsubiri mwingine aingie mlangoni.